Koki ya Chini, Kioo cha Kulia

Maassluis, Jumamosi, 8 Oktoba 1983

Bwana Huibert Verschoor,

Salamu kutoka kwa mtu usiyemjua. Mimi ni Neeltje Keijzer, binti wa Bastiaan, yule mchochea makaa uliyefanya naye kazi kwenye tagi Dirkje. Nilizaliwa Juni 1956, kwa hiyo ulipohamia Kanada nilikuwa bado natambaa. Anwani yako nimepewa na dada yako wa Vlaardingen, naye alinionya mapema: "Huyo hajibu barua. Hata ya msiba hakujibu." Nimeamua kujaribu bahati yangu.

Habari kubwa ni kwamba Dirkje yuko hai. Tulimkuta kwenye mfereji nyuma ya mabanda ya nyanya, dohani imekatwa, mlingoti hana, boila yake inapasha mabanda joto. Boti iliyovuta meli kubwa hadi bahari kuu wameigeuza jiko la nyanya! Tulimleta gatini kwetu miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo kila Jumamosi tumo ndani yake na brashi za waya, watu kumi na wawili, wengi wao wastaafu wenye viuno vibovu. Mimi ndiye mdogo kuliko wote na ndiye mwenye kelele kuliko wote. Siku za kazi nachora michoro ya meli, basi wakanipa usimamizi. Kila kipande tulichokitoa nimekifunga kibandiko chenye namba. Sheria yangu ni fupi: kitu cha asili kinarudi mahali pake, na kama hakivuji hakifunguliwi. Govert, fundi wetu wa mabomba, ananiita Mama Sheria.

Katika mainjinia waliomwendesha Dirkje baharini umebaki wewe tu. Naomba unieleze jinsi mlivyokuwa mkiipasha moto ile boila, maana vitabu vinagombana.

Kuna na jingine. Unaijua desturi ya huku: moto wa kwanza baada ya matengenezo makubwa huwashwa na mchochea makaa mkongwe wa boti. Wa Dirkje amebaki mmoja, naye ni baba yangu. Hataki. Hataki hata kupita gatini. Akienda kununua samaki anazunguka nyuma ya kanisa. Ya tarehe 6 Machi 1956 nayajua kama mji mzima unavyoyajua. Maji yalipungua ndani ya boila, plagi ya risasi iliyo kwenye paa la tanuri ikayeyuka, kama ilivyoundwa kuyeyuka maji yakikosekana, mvuke ukamchoma baba mikono, na meli mliyokuwa mkiivuta ikapanda mchanga. Wewe uliandika ripoti kwamba alisinzia zamuni. Baada ya hapo hakuna boti iliyomchukua. Amefagia mnada wa mboga mpaka walipompumzisha mwaka jana.

Sikulaumu. Uliandika ulichokiona. Lakini ukimwandikia neno moja tu, kwamba yale yamepita, huenda akaja. Hajui kwamba nimekuandikia.

Wako,
Neeltje Keijzer


Port Colborne, 2 Novemba 1983

Binti Bastiaan,

Dada yangu ni mwongo. Ile barua ya msiba niliijibu, ila sikuituma.

Kwa hiyo Dirkje amekula nyanya miaka yote hiyo. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikatoka kutembea, maana sikuweza kukaa.

Sasa sikiliza vizuri. Boila si birika. Ukiiharakisha, juu kutakuwa moto na chini bado baridi, chuma kitavutana na ribiti zitaanza kuvuja moja baada ya nyingine. Washa moto mdogo Alhamisi, uulinde Ijumaa yote, ondoka Jumamosi. Atakayekwambia siku moja inatosha, mtume akanunue samaki na asirudi. Makaa yatandazwe sawasawa, mlango wa tanuri usiachwe wazi. Baba yako alijua. Alikuwa anatandaza makaa kama mtu anayetandika kitanda, na hakuna pembe aliyoisahau. Alikuwa mchochea makaa mzuri kuliko wote niliopata kuwa nao.

Mengine tuyaache. Nina miaka sabini na moja, masikio niliyaacha chumba cha mashine hivyo simu siwezi, na magoti hayataki tena ngazi. Kila siku naenda kwenye lango la mfereji kutazama meli zikipandishwa na kushushwa. Hakuna hata moja yenye mvuke.

Baba yako mpe salamu. Au basi, usimpe.

H. Verschoor


Maassluis, Jumatatu, 28 Novemba 1983

Mzee Huibert,

Umejibu! Dada yako amekataa kuamini mpaka nilipomwonyesha stempu. Na kwa kuwa umecheka kuhusu nyanya, sasa nakuita Mzee. Ukikasirika shauri yako.

Maelezo yako nimeyanakili kwa herufi kubwa na kuyabandika chumba cha boila. Mkaguzi alikuja na kuijaribu boila kwa maji baridi, haikuvuja, akaondoka bila kulalamika, jambo ambalo Govert anasema halijapata kutokea tangu vita viishe.

Lakini ngoja nikupe tamu yenyewe. Wiki jana tulikuwa tunang'oa mbao za sakafu ya stoo ya mbele, na chini yake tukakuta furushi la gunia lililolowa grisi. Ndani yake koki ya shaba, nzuri ajabu, ina namba ya boti imegongwa ubavuni. Nikaenda mbio na michoro yangu. Ni koki ya chini ya kioo cha maji cha kulia, kile kinachotuonyesha maji ya boila yamefika wapi, Mzee! Ile ya asili. Mtu fulani alikuwa ameitoa na kupachika koki ya chuma ya hovyo, isiyofanana hata kidogo na ya kushoto. Miaka mitatu ile koki ya chuma imenikera kama punje ya mchanga jichoni. Govert alitaka kuifungua hii ya shaba autazame moyo wake, kile kipande kinachozunguka ndani. Nikamkataza. Haivuji, inazunguka laini, ina grisi yake ya zamani. Kuifungua ni kuiharibu. Tumeirudisha mahali pake Jumamosi tukaipigia makofi. Ya chuma nimeitupa kwenye pipa la vyuma chakavu kwa mkono wangu.

Kuhusu baba. Aliikuta bahasha yako mezani.

"Kanada," akasema. "Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Bado anaandika vizuri?"

"Baba, anasema ulikuwa mchochea makaa mzuri kuliko wote."

"Ndiyo. Ndiyo maana nasema anaandika vizuri." Akachukua kofia yake akatoka, na supu ya njegere akaiacha ikapoa.

Mwandikie, Mzee. Moto tutauwasha Machi.

Neeltje


Port Colborne, 12 Desemba 1983

Neeltje,

Itoeni ile koki. Rudisheni ya chuma, na kama imeshakwenda na chuma chakavu tafuteni nyingine mpya. Msiitumie hiyo ya shaba. Iwekeni kwenye kabati la kioo kama mnapenda vitu vya zamani kiasi hicho.

Sababu ni kuwa ni ya zamani. Shaba huchoka.

Theluji imefika magotini. Sijaenda mferejini siku nne.

H.V.


Maassluis, 9 Januari 1984

Mzee Huibert,

Heri ya mwaka mpya, ingawa barua yako haikuwa na heri yoyote ndani.

Shaba huchoka? Basi tuitoe na ya kushoto, tutoe na kengele, tutoe na propela, tumbakishe Dirkje sanduku la plastiki. Govert kaisoma barua yako akasema mzee wa Kanada amegandwa na theluji mpaka kichwani. Nimekutetea, lakini kwa shida. Hapa hatubadilishi kitu kwa sababu mtu kasema tu. Ukitaka niitoe, niambie kwa nini. Nakuuliza kama injinia.

Na sasa nakuuliza kama binti wa Bastiaan. Kabla ya Krismasi nilienda kwenye hifadhi ya nyaraka za bandari nikaomba faili la 1956. Ripoti yako ina mistari sita. "Nilimkuta mchochea makaa Keijzer amesinzia juu ya rundo la makaa. Hakuwa amekitazama kioo cha maji." Nimeisoma hadi naijua kwa moyo. Lakini daktari aliyemtibu ameandika kwamba aliletwa akiwa hajitambui, ana jeraha kisogoni, na alipozinduka hakukumbuka chochote cha mchana ule. Mtu aliyezirai na mtu aliyesinzia, wewe uliwatofautishaje?

Ulimwona kwa macho yako? Ndiyo au siyo. Nikijua ni ndiyo, nitanyamaza na nitawasha moto mwenyewe.

Neeltje


(Kadi ya posta) Maassluis, 12 Machi 1984

Miezi miwili, kimya. Basi dada yako alisema kweli. Tunawasha Alhamisi tarehe 29, tunaondoka Jumamosi tarehe 31, meya atakuwepo na tarumbeta. Baba amesema, "Aliyelala zamuni hana kazi humo." Nitawasha mimi. Koki ya shaba iko mahali pake. N.


TELEGRAMU. Port Colborne, 29 Machi 1984
KWA KEIJZER MAASSLUIS
ZIMENI MOTO. KOKI YA CHINI KIOO CHA KULIA INADANGANYA. MKONO UKISIMAMA IMEFUNGWA UKILALA IKO WAZI. BASTIAAN HAKUSINZIA. BARUA INAKUJA. HUIBERT


Port Colborne, 29 Machi 1984

Neeltje,

Nimetoka posta sasa hivi. Sijavua hata koti, utanisamehe mwandiko. Kadi yako nimeipata leo asubuhi. Barua yako ya Januari nimeijibu mara saba na zote ziko jikoni, hakuna iliyovuka mlango. Nilijidanganya kwamba moto hautawashwa kabla sijapata maneno mazuri. Hakuna maneno mazuri. Nakupa yaliyopo.

Unajua koki ya kioo inavyokaa. Mkono wa kuizungushia ukisimama wima, njia iko wazi, ukilala, imefungwa. Kila mchochea makaa anafundishwa hivyo siku ya kwanza, na baba yako alifundishwa. Mwezi Desemba 1955 moyo wa ile koki ulianza kuvuja. Tulikuwa na kazi mfululizo, karakana haikuwa na wa akiba, nikachukua moyo wa koki kutoka boti nyingine. Haukukaa vizuri. Nikaupiga tupa mpaka ukaingia, lakini ukakaa kinyume: mkono ukisimama umefungwa, ukilala uko wazi. Nikasema nitatafuta mwingine Jumatatu. Nilijua mwenyewe kwamba ule unalazwa, na sikumwambia mtu, kwa sababu injinia mkuu aliyefanya kazi mbovu kiasi kile haitangazi. Jumatatu ilikuja, zikaja na nyingine kumi na mbili.

Tarehe 6 Machi kioo cha kushoto kilipasuka saa sita mchana, nikakifunga. Kikabaki cha kulia, mkono nimeulaza. Saa saba baba yako akaingia zamu. Akakuta mkono umelala. Akafanya alichofundishwa, kile ambacho mchochea makaa mzembe asingejisumbua kukifanya: akausimamisha. Kuanzia hapo kioo hakikuwa tena na habari za boila. Mvuke wa juu ulikuwa unapoa ndani yake na kukijaza maji kidogo kidogo. Alikuwa anatazama kioo kilichojaa huku boila inakauka. Akachochea, maana tulikuwa tunavuta meli nzito na nahodha anapiga kengele aongezewe nguvu. Saa nane na nusu plagi ikayeyuka.

Niliposhuka nilimkuta chini, mvuke umetanda, kisogo kinatoka damu. Nilimburuta nje. Kisha nikarudi, nikauona ule mkono umesimama, nikaelewa kila kitu. Hapo hapo, Neeltje. Sikuhitaji hata dakika.

Beleshi lake lilikuwa mkononi. Mtu aliyesinzia hashiki beleshi.

Nilikuwa na cheti kipya cha injinia mkuu na mke mjamzito. Baba yako naye alikuwa na mke mjamzito, na hilo nililijua nikiwa nashika kalamu. Niliandika alisinzia. Jioni ile niliitoa koki, nikapachika ya chuma, na hii nikaifunga gunia nikaificha chini ya mbao. Bahari nzima ilikuwa hapo pembeni na sikuitupa. Nimejiuliza miaka ishirini na minane kwa nini. Nadhani nilitaka siku moja mtu mwingine aikute anitue mzigo huu. Mmeikuta nyinyi na mmeipigia makofi.

Sikuhamia Kanada kutafuta maisha. Nilikuwa sipati pa kupita pale mjini.

Ndani ya bahasha hii kuna tamko langu la kweli la tarehe 6 Machi, lina sahihi yangu na za mashahidi wawili. Lipeleke popote unapotaka. Naomba tu telegramu iwe imefika kabla. Sijui kuomba vizuri, lakini tangu asubuhi sijafanya kingine.

Huibert Verschoor


Maassluis, 9 Aprili 1984

Bwana Huibert,

Nitakuandikia yaliyotokea kwa mpangilio wake, kwa sababu nikianza na hasira sitamaliza.

Alhamisi saa mbili asubuhi niliwasha moto. Tulipojaza maji mkono wa ile koki ulikuwa umelala, na vioo viwili vilikuwa sawa, kwa hiyo hatukushtuka. Kabla ya kuwasha niliisimamisha mikono ya koki zote kama kitabu kinavyosema. Kwa hiyo aliyekifunga kioo ni mimi, kama alivyokifunga baba, na kwa sababu ile ile. Ijumaa asubuhi cha kushoto kikapasuka. Govert akakifunga akasema kimoja kinatosha. Maji ya ndani yalikuwa yameanza kuchafuka, tukafungua vali ya chini kuyapunguza, huku tumekodolea kioo tujue tukome wapi.

"Mbona hayashuki?" nikamuuliza.

"Tope hilo, Mama Sheria. Lipe muda."

Tukalipa muda. Nilikuwa nimesimama mbele ya tanuri, Bwana Huibert, nikiwaza hotuba ya meya.

Kisha tukasikia viatu vya mbao kwenye ngazi ya chuma, kelele kama mtu anamwaga magogo. Alikuwa baba, na viatu vyake vya bustanini. Telegramu ilifika nyumbani yeye akiwa peke yake. Alipanda baiskeli, akaja kwa njia ya gatini, njia ambayo mimi tangu nizaliwe sijamwona akiipita.

"Fungeni vali!"

"Baba, tunatoa tu..."

"Neeltje, funga!"

Govert alifunga. Baba akapita katikati yetu bila kututazama, akaenda moja kwa moja kwenye kioo cha kulia, akashika mkono wa koki akaulaza. Kioo kilikuwa kimejaa robo tatu. Maji yakashuka yote mbele ya macho yetu, yakapotea chini ya nati, na hayakurudi.

"Toeni moto," akasema baba. "Msithubutu kuongeza maji, boila itapasuka. Moto kwanza."

Alichukua beleshi mwenyewe. Alitoa ule moto wote, sisi tukipokea majivu na kuyamwagia maji, na hakumpisha mtu mpaka tanuri lilipokuwa tupu. Plagi haikuyeyuka. Govert ameipima baadaye, anasema ilibaki kidogo sana na hataki kuniambia kidogo kiasi gani.

Baba akaniuliza koki ile imetoka wapi. Nikamwambia: gunia, grisi, chini ya mbao. Akaigusa.

"Kumbe aliiweka," akasema. Basi.

Barua yako ilifika tarehe 5. Nilimsomea yote, amesimama dirishani. Nilipofika kwenye beleshi akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Tena." Nikarudia tena. Mara ya nne sikuweza kusoma kwa kulia, akanichukulia karatasi akasoma mwenyewe. Kisha akaenda bustanini akapalilia kitunguu ambacho kilikuwa hakina magugu.

Tamko lako liko kwenye faili la 1956, juu ya ripoti yako, na nakala iko kwenye ubao wa gati. Watu wanasimama wanasoma. Mzee aliyewahi kumnyima baba kazi ameleta keki. Hatujaila.

Ninalo kosa langu na silitupi kwako: Govert alitaka kuifungua koki, mimi nikamkataza. Nilipenda vitu vya asili mpaka nikakataa kuvitazama ndani. Lakini Desemba ulijua. Ukaniandikia kwamba shaba huchoka, na nilipokuuliza kwa nini hukujibu. Ungechelewa asubuhi moja ningekuwa pale pale alipoangukia baba yangu. Nimekuchukia wiki nzima na bado naendelea.

Tunawasha upya Alhamisi, 10 Mei. Sijui ni nani atakayewasha. Sijamuuliza.

Neeltje Keijzer


Maassluis, Jumatatu, 7 Mei 1984

Huibert,

Mimi si mwandishi kama wewe. Nitakuwa mfupi.

Pengine unafikiri muda wote nilijua kwamba sikusinzia. Hapana. Sikujua. Nilipozinduka hospitali walisema nilisinzia, na mimi sikuwa na kumbukumbu ya kuwabishia. Nikawaamini. Nilikuamini wewe, maana ulikuwa mkubwa wangu na ulikuwa mtu wa haki. Miaka ishirini na minane nimeamini kwamba mimi ni mtu anayelala.

Nitakwambia hilo lilivyokuwa, kwa sababu kwenye tamko lako halimo. Mchana sikuketi. Kazini nilifagia, nyumbani nilikula nimesimama, kanisani nilisimama nyuma na wazee wa kanisa wakadhani nina kiburi. Usiku nililala kwa vipande. Neeltje alipozaliwa mke wangu aliniletea nimpakate. Nilimpokea nikiwa nimesimama, nikamrudisha. Kila alipomleta nilimrudisha. Niliogopa nitaketi naye, nitasinzia, nitamwangusha. Mke wangu alidhani sikutaka mtoto wa kike. Amekufa akidhani hivyo. Neeltje naye alidhani hivyo, ameniambia juzi, na alisema kwa kucheka ili nisione.

Msamaha unaoutafuta leo sina. Nimeutazama kila mahali. Nikiupata nitakuandikia, na nikikosa pia nitakuandikia, ili usikae unangoja kama nilivyongoja mimi bila kujua nangoja nini.

Alhamisi nawasha mimi. Koki ya shaba tumeifungua. Govert amechonga moyo mpya, mkono unasimama wazi. Nimeujaribu mwenyewe mara ishirini.

Jana baada ya kanisa niliketi kwenye kiti cha dirishani. Neeltje alikuwa anaosha vyombo. Nikamwita, nikamwambia aje akae hapa. Akauliza wapi. Nikampigia paja. Ana miaka ishirini na saba, ni mrefu kuliko mimi, akasema, "Baba, nitakuvunja," na akakaa hivyo hivyo, miguu yake imejaa chumba kizima. Tukakaa. Jua lilikuwa linaingia. Sikumbuki nilifumba macho saa ngapi. Nilipoamka ilikuwa saa kumi, mguu wangu umekufa ganzi, naye alikuwa bado yupo.

Bastiaan Keijzer
Mchochea makaa, tagi Dirkje